Kadi Ndani ya Bitana

Nilipofumua bitana ya koti la mume wangu niishone upya, ikadondoka kadi yake ya bima ya afya. Ilikuwa imetolewa mwezi mmoja uliopita.

Mwezi mzima! Na jino lilivyomvimbisha shavu, anatafunia upande mmoja, kila siku ananiambia kadi bado.

“Baba watoto, hii nini?”

Akainamisha kichwa. “Yako haijatoka. Nchi hii tuliingia pamoja, na faili letu ni moja. Nikienda kutibiwa peke yangu, watu wa ofisi ya wahamiaji watadhani sote tumeshapata kadi, walifunge faili kabla yako haijatoka.”

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikamwekea kiganja shavuni. Lilikuwa la moto.

“Vaa viatu, twende.”

“Na wewe je?”

“Mimi nakuja kukushika mkono. Hapo hawadai kadi.”