Soketi Moja

Baba alipiga nyuzi chache tu kukijaribu kifaa cha mwangwi wa gitaa alichokuwa akikiunda binti yake, akacheka: "Kinaniiga kama kasuku!"

Tangu mazishi ya baba, kifaa kiliendelea kurudia mapigo yale mezani. Kilikuwa hakijawekwa chipu ya kutunza sauti umeme ukikatika. "Nitailehemu kesho," binti alizoea kusema, baba akiwa hai. Sasa kuilehemu kulitaka kukizima kwanza.

Alikuwa ameishika chipu ile, ndogo kama ukucha wa mtoto, mama alipoingia na pasi na shati la marehemu. Mama akachomoa waya wa kifaa ukutani, akachomeka pasi.

Chumba kikazizima.

"Mwanangu," mama akauliza, akilinyoosha shati kwa kiganja, "mbona baba yako amenyamaza?"