Ngiri na Koche Moja

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakiamkiana, Ngiri, ambaye wengi humwita nguruwe-mwitu kimakosa, aliapa kutoonja kitu kitamu asije akanenepa akashindwa kuingia shimoni mwake. Siku ya arobaini alimkuta Tembo akiokota koche, tunda tamu la mkoche.

"Shikamoo, babu. Mwili wote huo, na bado wautaka utamu?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekula majani tangu alfajiri. Hili moja ni la kufungia mlo."

Tembo akalitia kinywani, akafumba macho, akatulia hata ndege waliokuwa mgongoni mwake wakanyamaza. Ngiri akaduwaa. Lakini Tembo alipoondoka, tamaa ilimshinda, akayafakamia makoche yote yaliyobaki.

Mara Fisi akatokea. Ngiri akaingia shimoni kinyumenyume, akanasa kiunoni.

"Vipi, jirani, nyumba imekukataa?" Fisi akacheka.

Ardhi ikatetemeka. Tembo alikuwa amerudi, na Fisi akatoweka.

"Yalikuwa na utamu gani?" Tembo aliuliza, akimvuta kwa mkonga.

Ngiri hakukumbuka hata kidogo.

Kesho yake, Ngiri alipokwisha kushiba nyasi, Tembo alimpa koche moja. Alilitafuna polepole, na kwa utamu ule miguu yake ya mbele ikakunjika yenyewe. Tangu hapo ngiri hula akiwa amepiga magoti.