Saa Moja na Dakika Arobaini

Mpima ardhi alifunga mkanda wa kiti cha ndege kwa hasira, mpaka abiria wa pembeni yake, mzee mwenye miwani, akageuka kumtazama.

Kilomita elfu moja mia moja na ishirini. Alikuwa amezipima mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisini, mstari mnyoofu kutoka kwao hadi mji wa nchi jirani alikohamia mdogo wake wa kiume. Saa moja na dakika arobaini hewani. Na kwa kuwa saa za huko ziko nyuma kwa saa moja, leo angepaa saa nne asubuhi na kutua saa nne na dakika arobaini. Safari ya kunywa chai tu. Hiyo ndiyo iliyomshinda mwanamume mzima asije kumzika mama yake.

"Unakwenda kikazi, binti yangu?" mzee aliuliza.

"Nakwenda kumtukana mdogo wangu."

Mzee akavua miwani. Mpima ardhi akamweleza yote, bila kupunguza sauti. Presha ilimpanda mama Jumatatu, Jumatano akafariki. Baba mdogo alijitwika kazi ya kuwaarifu ndugu, akashinda simu sikioni, na jioni akasema wote wameshapata habari. Wote wakaja. Hata shangazi aliyevunjika nyonga aliletwa, akabebwa pamoja na kiti chake mpaka kaburini. Kitindamimba peke yake hakuonekana, yeye ambaye mama alimdekeza mpaka akaota mapembe.

Siku ya nne baada ya mazishi ndipo alipokumbuka kupiga simu. Mara tatu. Mpima ardhi aliiacha ilie, kisha akaifudikiza mezani. Pole ya kwenye simu angeipeleka wapi?

Mzee alisema taratibu kwamba pengine kijana alikwama.

"Akwame wapi, na ndege zinaruka kila siku?"

Mzee akarudisha miwani machoni na kufungua gazeti.

Teksi ilimshusha mbele ya jengo la ghorofa nne lisilo na lifti. Mdogo wake alikaa juu kabisa. Mpima ardhi alipanda ngazi nyembamba akiyapanga maneno, yale makali akiyaweka mwanzo, yale ya kumliza akiyabakiza mwisho. Alipofika alikuwa anahema. Akagonga mlango kwa ngumi.

Mdogo wake alifungua akiwa na taulo begani na povu la kunyolea ndevu shavuni. Alimwona, akaduwaa, kisha uso mzima ukachanua. Kabla dada hajainua kidole, alikuwa ameshakumbatiwa na kupakwa povu sikioni.

"Kumbe ndiyo maana simu zenu hazipokelewi," kijana alisema huku akicheka. "Mlikuwa mnataka kunishtukiza."

Akamwachia, akachungulia ngazi nyuma yake.

"Dada, na wewe. Umemwacha mama apande peke yake na magoti yale? Ngoja nikamshike mkono."

Akampita mlangoni, akashuka mbio.