Kipindi cha Jumatano

Ebenezer alivua visikilizio akavitupa kitandani. Saa kumi na moja ilikwishapita, na redio ilikuwa inakoroma tu. Jumatano ya tano mfululizo, mwalimu hajaingia hewani!

"Basi tena," alimwambia mkewe, Evodia. "Jumamosi nakwenda kuaibika mara ya tatu."

Jumamosi ndiyo siku ya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa. Mambo ya umeme na kanuni za hewani aliyajua vizuri. Kilichomwangusha mara mbili ni zile nukta na vistari vya Morse, herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu; chama chao cha redio hakimpitishi mtu asiyevijua. Akianguka tena, atasubiri mwaka mzima, na bila leseni haruhusiwi kurusha hata neno moja. Miezi saba sasa redio yake imekaa mezani pale Zuzu, waya wa antena umevutwa kutoka kwenye bati hadi kwenye mwarobaini, na majirani wanamwuliza lini ataanza kuanika nguo. Kazi yake kusikiliza wenzake wakiongea, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni asipewe hata maji.

Huyo mwalimu hakuwahi kumwona. Alifundisha hewani kila Jumatano saa kumi na nusu, kwa milio mitupu, bila kutamka neno. Ebenezer alimchukulia kuwa mzee fulani mstaafu wa posta, maana mkono wake ulikuwa mtulivu kweli.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mwanzoni vipindi vilikuwepo, ila yeye ndiye aliyekuwa anachelewa. Alikuwa mkuu wa kitengo kwenye ofisi za serikali huko Mtumba, na Jumatano majalada hushuka kutoka kwa wakubwa jioni jioni. Lazima mtu awepo kuyapokea. Akawa anafika nyumbani kipindi kinakwisha. Alipoamua kumwachia kazi hiyo Yasinta, mhudumu wa ofisi, ili yeye awahi, mwalimu naye akaanza utoro. Kweli, asiye na bahati habahatishi.

Hata leo aliondoka kazini kwa kununa. Yasinta alimfuata mpaka kwenye gari.

"Samahani bosi, leo tu niruhusu. Kuna watu wananisubiri."

"Kwaya haiwezi kuanza bila wewe?" Akapandisha kioo.

Na yote hayo kwa ajili ya nini? Kuja kusikiliza mkoromo! Hasira zilimpanda. Alichukua funguo, akaendesha gari hadi Majengo, kwenye chumba cha chama nyuma ya duka la vipuri. Alimkuta mwenyekiti, Mbwana, anachomelea nyaya.

"Mwenyekiti, mwalimu gani huyu mliyetupa? Wiki tano! Mtoeni, mtafute mtu mwenye adabu."

Mbwana aliweka chini kifaa chake. "Anajitolea tu, mzee wangu. Hatumlipi kitu. Anasema kazini kwake wanambana."

"Nani asiyebanwa? Mimi sina kazi? Aongee na mkuu wake, waelewane kama watu wazima!"

"Basi mwambie mwenyewe. Labda wewe atakusikia."

Mbwana aliandika namba kwenye kikaratasi. Ebenezer hakungoja hata kutoka nje. Alibonyeza tarakimu moja moja, huku akipanga maneno: kwanza atajitambulisha kwa cheo chake, halafu atamweleza mtu huyo maana ya kuharibia wenzake maisha. Alipobonyeza ya mwisho na kupiga, simu ilileta jina yenyewe.

Yasinta Ofisini.

Ikapokelewa kabla hajakata.

"Shikamoo bosi. Bado nipo, majalada hayajashuka."