Mlembe Auliza Kukaa Kukoje

Palikuwa na ndege mmoja, Mlembe, ambaye maisha yake yote yalipita safarini. Pori baada ya pori alimwongoza Nyegere kwenye asali, na ujira wake ulikuwa nta iliyobaki. Mbawa zilipoanza kuchoka, alitaka kuacha kazi, ila kwanza ajue kukaa pahali pamoja kukoje. Akaenda kwa Mnana, msusi wa viota, ambaye hajawahi kuuacha mgunga wake.

Alimkuta anafumua kiota kibichi.

"Mke wangu kakikagua," Mnana alisema. "Anadai mlango umepinda."

"Na cha jana?"

"Alikivuta kikakatika. Nikimaliza kufumua hiki, naanza cha kumi na tatu."

Mlembe akatazama lundo la majani makavu chini ya mti. "Kwa hiyo kaka, hujawahi kuizoea nyumba?"

"Sijawahi. Wewe je, huko kote ulikopita?"

Mlembe akafikiri. "Mimi kila nilipoamka nilimkuta Nyegere yuleyule, na ule mnuko wake uleule."

Mnana akautua unyasi uliokuwa mdomoni. "Basi sogea hapa, kaka," akasema. "Unieleze wewe, kukaa kukoje."