Kura ya Kilatini

"Mwalimu, Kilatini kitampa binti yangu kazi gani?" mama mmoja aliuliza.

Wazazi walicheka. Walikuwa wamekutana shuleni Milimani kuamua kama somo hilo lirudishwe.

Mzee Nyangweso, aliyelifundisha hadi likafutwa, alikuwa ameshika chaki. Unga wake ulikuwa umejaa kwenye mikunjo ya vidole.

"Kazi sijui, mama. Lakini nikiwa kidato cha kwanza, mafuriko yalibeba mahindi yote ya baba kule Awasi. Wiki hiyo tukasoma shairi la mkulima wa Roma akililia shamba lililochukuliwa na mto. Nililia darasani. Mtu aliyekufa zamani hivyo alimjuaje baba yangu?"

"Anayekitaka Kilatini asimame," mwenyekiti alisema.

Nyangweso alifumba macho. Akasikia kiti kikisogea, halafu vingi.