Viatu vya Mtu wa Tatu

Mlangoni palikuwa na pea mbili za viatu, na mwenyeji alikuwa ameapa kwamba yuko peke yake.

Dafrosa alivua mabuti polepole, kama ilivyo desturi ya Waswidi, macho hayabanduki kwenye ile pea ya pili. Vilikuwa viatu vyeusi vya mtu mzima, vimepigwa rangi vikang'aa, theluji bado inayeyuka kisiginoni.

"Karibu ndani, dada. Wanafunzi wote wa huku Vårby wananijua. Unamaliza miaka miwili yako ya chuo cha ufundi, nakuhamishia chuo kikuu, unasomea shahada miaka minne. Wewe sema tu kwamba hutaki kurudi nyumbani."

Kujulikana, alijulikana. Mwenzake Dafrosa wa bwenini alisaidiwa naye mwaka jana, 1973. Kabla hajalikanyaga hilo darasa la chuo kikuu, akarudishwa Dar es Salaam, eti amevunja mkataba wa kurudi kuitumikia serikali inayomsomesha. Ni mkataba uleule aliokuwa nao Dafrosa. Aliyepeleka habari ubalozini hakujulikana.

"Sema kwa sauti, dada. Tuko wawili tu humu."

Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umeegeshwa. Shahada aliitaka, na jibu lilikuwa limeshamfika kooni. Akalimeza. Akaugeukia ule mlango, akakunja goti kama alivyofunzwa na bibi yake.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu," sauti nzito ikaitika kutoka chumbani, kabla mwenyewe hajajizuia.